Reefer Madness, Marihuana, Mom and Dad au She Shoulda Said No!: diski ipi ya filamu za maonyo ununue kwanza

Mtu anayetaka leo kuzitazama filamu za Kimarekani za miaka ya 1930 na 1940 zilizotengenezwa kuwaonya wazazi kuhusu bangi, unga, mimba za wasichana na kaswende ana bahati ambayo wapenzi wa sinema wa miaka 30 iliyopita hawakuwa nayo. Wakati ule zilipatikana katika kanda za video zilizorudufiwa kutoka katika kanda nyingine, ambayo nayo ilirudufiwa kutoka kwingine, hata nyuso za waigizaji zikabaki madoa meupe na maneno yakasikika kama redio iliyopoteza stesheni. Sasa kampuni ya Kino Lorber, ikishirikiana na Something Weird Video, duka la filamu adimu lililoanzishwa na Mike Vraney mjini Seattle mwaka 1990, imezitoa katika mfululizo wa diski za Blu-ray uitwao Forbidden Fruit, zikiwa zimeskaniwa upya kutoka katika mikanda ya filamu yenyewe. Diski ni nyingi, majina yanakaribiana na majalada yote yanapaza sauti ileile, kwa hiyo anayenunua kwa kuangalia jalada anaweza kujikuta na kitu asichokitaka. Nimechukua nne ambazo naziona ndizo msingi, nizipambanishe.

Kwanza lazima ieleweke filamu hizi zilitokea wapi, maana bila hilo mtu atazipima kwa mizani isiyo yake. Kanuni za maadili za Hollywood, zinazojulikana zaidi kama Kanuni za Hays, ziliandikwa mwaka 1930 na kuanza kutekelezwa kwa ukali katikati ya mwaka 1934 chini ya usimamizi wa Joseph Breen. Zilifunga mlango kwa habari za biashara ya dawa za kulevya, magonjwa ya zinaa na hata kuzaliwa kwa mtoto. Filamu iliyokosa muhuri wa kuidhinishwa haikukaribishwa katika majumba ya sinema yaliyomilikiwa na studio kubwa. Mlango huo ulipofungwa, dirishani wakaingia wafanyabiashara wadogo waliojulikana katika kazi hiyo kama Wezi Arobaini, jina ambalo kila aliyesimuliwa hadithi ya Ali Baba analijua. Walipakia mkanda kwenye gari, wakakodi ukumbi katika mji mmoja kwa siku chache, wakabandika mabango ya kutisha, wakakusanya pesa za viingilio na kuondoka kabla polisi au kasisi hajaja juu. Kinga yao ilikuwa onyo. Karibu kila filamu inafungua kwa maandishi marefu yanayoapa kwamba uovu huu unaonyeshwa ili ukomeshwe, na maandishi yakishapita, uovu unaonyeshwa kweli.

Kwa sababu hiyo siulizi ni filamu ipi iliyoigizwa vizuri kuliko nyingine. Kwa kipimo hicho zote nne zitaanguka, na anguko hilo halitatufundisha chochote. Nauliza filamu inamwonya nani, na wakati huohuo inamuuzia nani nini. Diski inayomwezesha mtazamaji kuyaona yote mawili waziwazi ndiyo ninayoithamini zaidi.

Reefer Madness na Marihuana: mwaka mmoja, jani moja

Hizi mbili zinastahili kutazamwa pamoja, ikiwezekana katika jioni mbili zinazofuatana, kwa kuwa zote ni za mwaka 1936, zote zinahusu vijana na bangi, na zote zilipitia mikononi mwa mtu mmoja, Dwain Esper. Tofauti ni kwamba Marihuana aliiongoza mwenyewe, wakati Reefer Madness aliinunua ikiwa imekwisha kutengenezwa.

Reefer Madness mwanzoni iliitwa Tell Your Children, yaani waambieni watoto wenu, na iliongozwa na Louis Gasnier, Mfaransa aliyekuwa mmoja wa waongozaji wa mfululizo wa filamu bubu uitwao The Perils of Pauline mwaka 1914. Mwalimu mkuu, Dokta Carroll, anasimama mbele ya mkutano wa wazazi na kuwasimulia mkasa: Mae na Jack wana nyumba ambayo vijana huenda kucheza muziki na kuvuta, mvulana mwema aitwaye Bill anavutwa humo, mchumba wake Mary anamfuata, bastola inafyatuka, Mary anakufa, na Bill anaamini kwamba ndiye aliyemuua. Mwishoni mwalimu anawanyooshea wazazi kidole, na kidole hicho kinamlenga pia anayetazama. Kwa sura ya nje, hii ndiyo filamu inayomwonya mzazi waziwazi kuliko zote nne.

Hata hivyo, umaarufu wake haukutokana na onyo hilo. Mwaka 1972 Keith Stroup, mwanzilishi wa NORML, shirika la Marekani linalotetea kuhalalishwa kwa bangi, aliipata nakala yake katika Maktaba ya Bunge la Marekani na kuinunua kwa dola 297, kisha ikazungushwa vyuoni ili wanafunzi waicheke. Kicheko hicho kimekaa juu ya filamu hii kwa zaidi ya miaka 50, kiasi kwamba mtu anaingia kuitazama akiwa tayari ameambiwa acheke. Mwaka 2004 ilitolewa hata nakala iliyopakwa rangi, ambayo moshi wake una rangi mbalimbali kama wa sherehe. Pia, kwa kuwa hakimiliki yake ilikuwa na kasoro, filamu ni mali ya umma, na yeyote mwenye intaneti anaweza kuipata bila kulipa.

Je, kuna haja ya kununua kinachopatikana bure? Kwa filamu hii nasema ndiyo. Sababu yangu ni tukio moja. Ralph, kijana aliyeacha chuo akawa mmoja wa kundi la wauzaji, amekaa akivuta pumzi za harakaharaka na kumwamuru mwenzake Blanche apige piano upesi, upesi zaidi. Katika nakala mbovu mtu anaona kichwa kinachorukaruka na kusikia kelele, na ukumbi unacheka. Katika nakala safi anaonekana mwigizaji Dave O'Brien, macho yakihama bila kutulia, mkono ukiupeleka msokoto mdomoni kabla pumzi ya kwanza haijatoka. Ameigiza kupita kiasi, hilo silikatai, ila ameigiza hofu, na hofu hiyo inaonekana tu pale uso unapoonekana. Sehemu kubwa ya tulichokuwa tukikicheka kilikuwa uchakavu wa mkanda.

Kasoro yake kubwa haitibiki kwa kuskani upya. Filamu hii haiijui bangi. Inaidhania kuwa kitu kinachomfanya mtu aue baada ya pumzi chache, na mwaka uliofuata, 1937, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kodi ya bangi katika hali hiyohiyo ya taharuki iliyokuwa ikichochewa na Harry Anslinger, mkuu wa idara ya dawa za kulevya. Aliyekulia katika mtaa ambako bangi inavutwa anajua kwamba madhara yake huja kimyakimya: kijana anayeanza kuchelewa shule, kisha kukosa wiki nzima, kisha kuacha kabisa, na mama anayeanza kuficha pesa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Onyo lililotiwa chumvi humwacha mzazi bila silaha, kwa kuwa kijana akishavuta mara moja na asiue mtu, hataamini tena lolote atakaloambiwa, hata lile lililo kweli.

Marihuana ni filamu fupi, haifiki saa nzima, na nadhani ina ukweli zaidi na pia unyonyaji zaidi. Iliandikwa na Hildegarde Stadie, mke wa Esper. Mhusika wake mkuu ni Burma, msichana aliyeigizwa na Harley Wood, ambaye nyumbani kwao dada yake Elaine ndiye anayependelewa. Wanaume wawili wanawaalika yeye na wenzake kwenye nyumba ya ufukweni, wanawapa sigara bila kuwaambia kilichomo ndani, vicheko vinaanza visivyo na sababu, wasichana wanavua nguo na kukimbilia baharini, na mmoja wao hatoki majini akiwa hai. Burma anapata mimba. Mpenzi wake Dick, akitafuta pesa ya kumwoa, anaomba kazi kwa walewale wauzaji na kuuawa akiwa katika kazi ya magendo. Mtoto anatolewa alelewe na watu wengine, na Burma anageuka kuwa muuza unga na teja anayejidunga sindano, mpaka anapofikia hatua ya kupanga kumteka mtoto wa dada yake ili adai fidia. Kumbe mtoto huyo ni wake mwenyewe.

Ni mkasa mzito uliorundikwa matukio mengi mno, lakini tazama chanzo chake. Reefer Madness inasema kijana mwema hupotea kwa sababu mtu mbaya alimfungulia mlango. Marihuana inasema msichana alikwenda ufukweni kwa sababu nyumbani kwao hakuna aliyemwona. Harley Wood anaubeba uzito huo kwa uso wake: katika sehemu za mwanzo anaongea upesi kama mtu anayeogopa kukatizwa, na baadaye, akiwa muuzaji, haongezi neno lisilo la lazima. Uso wa namna hiyo ulipotea kabisa katika nakala za zamani, nami naihesabu kuwa hasara kubwa kuliko ya filamu nyingine zote tatu.

Papo hapo hakuna filamu kati ya hizi ambayo kamera yake inajisaliti hivi. Onyo linakwenda mbio, lakini tukio la wasichana wakioga uchi linapewa muda wake kamili, na hapo mtazamaji anapaswa kujua kwamba bango la mlangoni lilikuwa likiuza tukio hilo. Esper hakulificha hilo sana. Huyu ndiye aliyekuja kukodi Freaks, filamu ambayo studio ya MGM ilikuwa imeiona aibu, akaizungusha kwa jina jingine.

Kuhusu kilichomo kwenye diski, Reefer Madness imeunganishwa na Sex Madness ya 1938, filamu ya Esper kuhusu kaswende, ambayo nafikiri inatosha kutazamwa mara moja. Marihuana imeunganishwa na Narcotic ya 1933, kazi nyingine ya Esper na Stadie, inayomfuata tabibu anayezama katika kasumba huku akiuza dawa bandia iitwayo mafuta ya simbamarara. Stadie aliijua habari hiyo kwa karibu, kwani mjomba wake aliwahi kuuza dawa kama hiyo. Narcotic imekatikakatika na ni ngumu kuifuata, ila ina huzuni ya kitu kilichoonwa kwa macho, na diski inapata uzito kwa kuwa nayo. Kati ya diski hizi mbili, mimi ningemshauri mtu anunue ya Marihuana na Reefer Madness aitafute bure kwanza. Akiipenda, basi aje ainunue nakala safi aione upya.

Mom and Dad: filamu iliyohitaji ukumbi

Hii ndiyo diski ninayoiweka mbele ya zote, na nitakaa nayo zaidi. Mom and Dad ya 1945 iliongozwa na William Beaudine, mzoefu tangu enzi za filamu bubu, lakini mwenye mali na akili ya biashara alikuwa Kroger Babb wa Wilmington, Ohio. Ilianza kuonyeshwa Januari 1945 katika Oklahoma City, na Babb na watu wake wakaizungusha Marekani nzima kwa miaka mingi.

Joan Blake, aliyeigizwa na June Carlson, ni binti wa shule. Kwenye dansi anakutana na rubani kijana, wanalala pamoja, rubani anakufa katika ajali ya ndege, na Joan anabaki na mimba. Kabla ya hapo alikuwa amemwomba mama yake vitabu vya kumweleza mambo ya mwili, na mama akamnyima kwa hoja kwamba hajaolewa. Mwalimu aliyethubutu kufundisha mambo hayo shuleni, Bwana Blackburn, amefukuzwa kazi, na ndiye anayekuja kuambiwa siri mambo yakishaharibika.

Msomaji wa Kiswahili atakuwa ameshaisikia methali ikigonga mlango: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kwa upande wetu wa pwani, hata hivyo, mama hakuachiwa kazi hiyo peke yake. Binti alipovunja ungo alikabidhiwa kwa somo wake, na katika jamii nyingi za Tanganyika walikuwapo makungwi na unyago, kwa hiyo aibu ya mama kusema ilikuwa na njia ya kuzungukwa. Palikuwa na mtu aliyeteuliwa kusema. Nilipoitazama Mom and Dad mara ya kwanza hilo ndilo lililonishika. Joan hana somo. Mama yake amefunga mdomo, shangazi hayupo, mwalimu amefukuzwa, na mtu wa kwanza kumfunza ni mvulana mwenye sare nzuri. Filamu inamlaumu mama peke yake, nami naona ni dhuluma, kwa sababu mama huyo naye hakufunzwa na mtu, na baba, ambaye jina la filamu limemtaja, anaachwa apite bila hukumu nzito.

Filamu yenyewe ni nusu tu ya kilichouzwa. Babb alitenganisha maonyesho: wanawake na wasichana saa zao, wanaume na wavulana saa zao. Wanawake waliovaa sare za wauguzi walisimama ukumbini kuwapokea watakaozirai. Katikati ya onyesho filamu ilisimamishwa, na mtu aliyetambulishwa kwa jina la Elliot Forbes, mtaalamu wa afya, akapanda jukwaani na kuhutubia. Elliot Forbes hakuwa mtu mmoja. Walikuwapo wengi kwa wakati mmoja, kila mmoja katika mji wake, wote kwa jina hilohilo, na katika kumbi za Wamarekani Weusi aliyesimama jukwaani aliweza kuwa mwanariadha maarufu Jesse Owens. Mzungumzaji alipomaliza, wauguzi walipita katikati ya viti wakiuza vitabu viwili vidogo, kimoja cha wanaume na kimoja cha wanawake, kila kimoja dola moja, bei iliyozidi mno gharama ya kukichapa. Ndipo filamu ikaendelea, na baada ya hapo zikaonyeshwa sehemu zilizomleta kila mtu: mtoto akizaliwa kwa njia ya kawaida, mtoto akitolewa kwa upasuaji, na miili iliyoharibiwa na kaswende.

Aliyewahi kukaa kwenye kibanda cha video cha Dar es Salaam ataelewa upesi kuliko mtazamaji wa Ulaya kwa nini nasema filamu hii ilihitaji ukumbi. Kule kwetu mtafsiri akisema juu ya filamu, watu wanakwenda kumsikiliza yeye sawa na wanavyokwenda kuitazama picha, na ukiitazama filamu ileile nyumbani bila sauti yake unaona kuna kitu kimetoka. Ndivyo ilivyo kwa Mom and Dad. Ikichezwa mfululizo sebuleni, sehemu ya kwanza inaonekana tamthilia ya kawaida ya polepole, na sehemu za hospitalini zinakuja ghafla kama zilizotoka katika mkanda mwingine. Ushauri wangu ni kwamba anayeitazama aisimamishe katikati, apumzike dakika kumi na kujiuliza wale waliokaa ukumbini, wengi wao wasichana wa miaka 16 au 17 waliokuja na rafiki zao, walikuwa wakisubiri nini. Kisha aendelee.

Sehemu hizo za hospitalini ndizo zilizobadilisha msimamo wangu kuhusu aina hii yote ya filamu. Babb aliziweka kwa ajili ya pesa, hilo halina ubishi. Lakini msichana wa mji mdogo mwaka 1945, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwonyesha mtoto anatokea wapi, alitoka ukumbini akijua. Mwaka 1956 mahakama ya jimbo la New York iliamua kwamba kuonyesha kuzaliwa kwa binadamu, peke yake, si uchafu, na kesi iliyoleta uamuzi huo ilihusu filamu hii. Mwaka 2005 Maktaba ya Bunge iliiingiza katika orodha ya filamu za taifa zinazostahili kuhifadhiwa. Katika hizi nne, hii ndiyo ambayo onyo na biashara vilitembea njia moja mpaka mwisho, na kati ya vyote viwili mtazamaji akapata elimu aliyonyimwa nyumbani.

Diski yake ina filamu hii moja kuu, tofauti na nyingine zenye mbili, na maelezo ya sauti ya Eric Schaefer, mwanazuoni aliyeandika kitabu kinachotegemewa zaidi kuhusu historia ya filamu hizi. Ikiwa uwezo wako ni wa diski moja tu, chukua hii. Naongeza tahadhari ya kweli: picha za upasuaji na za kaswende ni za watu halisi na hazikufichwa, kwa hiyo asitazame nayo mtoto, wala mtu anayekaribia kujifungua.

She Shoulda Said No! na mwanamke aliyeuzwa nayo

Usiku kati ya Agosti 31 na Septemba 1, 1948, polisi wa Los Angeles waliingia katika nyumba moja na kumkamata nyota Robert Mitchum pamoja na mwigizaji chipukizi Lila Leeds, kwa kosa la bangi. Wote walihukumiwa kifungo cha siku 60. Mitchum alitoka na kuendelea kuwa nyota kwa miongo kadhaa, na mwaka 1951 hukumu yake ilifutwa. Leeds hakupata kazi, mpaka ilipokuja hii, ambamo aliombwa aigize aibu yake mwenyewe.

Filamu iliongozwa na Sam Newfield kwa jina la bandia, na mwaka 1949 ilitoka kwanza kwa jina la Wild Weed bila mafanikio. Kroger Babb aliichukua, akaibadilisha jina, na akamtumia Leeds mwenyewe kusimama mbele ya watazamaji. Humo anaitwa Anne Lester, mchezaji dansi anayemsomesha mdogo wake chuo. Muuzaji aitwaye Markey anamwingiza katika kuvuta na baadaye katika kuuza, mdogo wake anagundua na kujinyonga, na Anne anakamatwa.

Ukiiweka kando ya Reefer Madness, tofauti ya miaka 13 inaonekana mara moja. Picha ina vivuli na taa za filamu za uhalifu za wakati wake, waigizaji ni watu wa kazi, na Jack Elam mwenye jicho lake lisilosahaulika yumo katika moja ya kazi zake za mwanzo. Kwa anayetaka hadithi inayokwenda bila kukwama, hii ndiyo nyepesi kutazamwa kuliko zote. Onyo lake, hata hivyo, ni jembamba. Halimwambii mzazi lolote, kwa kuwa hakuna mzazi ndani yake, na halimwambii kijana zaidi ya jina lake, kwamba mwanamke yule angesema hapana.

Kinachoifanya niiheshimu ni Lila Leeds. Baada ya kifo cha mdogo wake na kifungo, Anne anaonekana kwa karibu, bila pambo, akitazama mbele, na mtazamaji wa 1949 alijua kwamba anayemwona aliwahi kukaa jela kweli miezi michache tu kabla ya hapo. Filamu inamtaka ajute hadharani kwa kiingilio. Yeye anafanya zaidi ya hilo. Anatulia, anashusha sauti, anakataa kulia pale ambapo filamu iliyosalia ingemtaka alie. Katika nakala iliyochakaa utulivu huo unaonekana kama kutojua kuigiza. Katika nakala safi ni kinyume chake, na kwa sababu hiyo nasema anayemjali mwigizaji kuliko mada achukue diski hii kabla ya Marihuana.

Filamu ya pili iliyomo, The Devil's Sleep ya mwaka uleule, ni dhaifu kama tamthilia: vijana wanauziwa vidonge, na jaji mwanamke anayepambana na biashara hiyo anatishwa kwa picha ya utupu ya binti yake. Lakini angalia walioigiza. Yumo John Mitchum, ndugu wa Robert. Na jaji ni Lita Grey Chaplin, aliyeolewa na Charlie Chaplin mwaka 1924 akiwa na umri wa miaka 16, na ambaye talaka yao ya 1927 iliandikwa katika kila gazeti. Kwa hiyo diski moja imewakusanya wanawake wawili waliojulikana kwa fedheha iliyowapata wakiwa karibu na wanaume maarufu, na wote wawili wamepewa kazi ya kuwaonya wasichana wengine. Sijui diski nyingine katika mfululizo huu inayoonyesha kwa uwazi kama huo nani aliyekuwa akilipia maonyo haya.

Iko diski moja ambayo sikutaka kuilinganisha na hizi, yenye Child Bride ya 1938. Humo mwigizaji mtoto wa miaka 12 ameonyeshwa kwa namna isiyofaa, na hakuna thamani ya kihistoria itakayonifanya nimshauri mtu aiweke sebuleni.

Kabla ya kulipa, jambo la mashine. Diski za Blu-ray za Marekani zinaweza kuwa zimefungwa kwa eneo A, wakati Afrika, kama Ulaya, iko eneo B. Aliyeko Marekani au Kanada hana shida. Aliyeko Nairobi, Zanzibar au London ahakikishe kwanza kwamba deki yake inasoma maeneo yote, la sivyo atakuwa amenunua jalada. Manukuu ya Kiswahili hayapo. Kiingereza cha Reefer Madness na cha Mom and Dad ni cha kuhutubia, kinasikika neno kwa neno, lakini cha She Shoulda Said No! ni cha mitaani na kinakwenda upesi, kwa hiyo ukitazama na mzazi au shangazi asiyekizoea, anza na Mom and Dad, na ukifika pale inaposimama, wewe ndiye utakayesimama na kueleza.